Mayai Nyuma ya Shevroleti

Nilipoolewa Nyansiongo niliambiwa nimebahatika, na waliosema hivyo hawakuwahi kulala huko hata siku moja. Kwetu Magwagwa nyumba zimekaribiana. Ukipiga chafya, jirani anakuombea afya. Nyansiongo yalikuwa mashamba ya Wazungu yaliyogawanywa Uhuru ulipokuja. Kila mtu alipewa kipande chake, akajenga katikati, akabaki kutazama moshi wa jirani kwa mbali. Ungeweza kushinda kutwa nzima usisikie sauti ya mtu ila yako mwenyewe ukimgombeza ng'ombe.

Mume wangu Omwenga alikuwa kibarua wa bandarini Mombasa. Alikuja Krismasi, akaleta kanga na marashi, akakaa kidogo, akaondoka. Nivae kanga, nijipake marashi, nimwendee nani, wale ndama? Mama mkwe wangu Bathsheba alikufa mwaka ule ule nilioolewa, kabla hatujazoeana vizuri. Kwa hiyo boma lile lilibaki na watu wawili. Mimi nilikuwa katika nyumba yangu upande wa chini, na baba mkwe wangu, Mzee Mogire, alikuwa katika nyumba yake upande wa juu, karibu na barabara.

Mtu wa mbali atasema: basi si mlikuwa wawili, mngekaa mkaongea? Huyo hatujui sisi Wakisii. Kwetu kuna kitu kinaitwa ensoni. Ni haya, lakini ni haya yenye sheria. Mkamwana na baba mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai kiti kimoja, na yeye haingii nyumbani mwa mwanawe hata kama paa linavuja. Maneno ya ng'ombe na ya mvua tuliweza kusemezana, yeye akitazama kule na mimi huku. Maneno ya mwili, ya tumbo, ya maumivu, hapana. Nilikuwa nampikia, napeleka chakula, nakiweka juu ya gogo nje ya mlango wake, nakohoa, naondoka. Baadaye nilikuta sahani pale pale juu ya gogo, imeoshwa. Sijui ni mwanamume gani mwingine wa rika lake aliyeosha sahani. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu.

Aliyezungumza na Mzee Mogire kwa kweli ni gari lake. Lilikuwa pikapu aina ya Shevroleti, la kijani kilichopauka, alilouziwa na Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga virago. Mbele lilikuwa na kiti kimoja kirefu cha kutosha watu watatu. Bathsheba alipokuwa hai alikaa hapo siku ya Sabato, mkoba wa Biblia mapajani, na sisi wengine tukapanda nyuma tukiimba. Alipokufa hakuna aliyekaa hapo tena. Wanaume walipanda nyuma kwa sababu ya kumheshimu marehemu, na mimi nilipanda nyuma kwa sababu ya ensoni. Mzee akawa anaendesha peke yake, na kiti kitupu kando yake.

Sasa nieleze habari ya springi, maana ndizo zilizoleta yote haya. Springi za nyuma za gari kama lile ni vyuma bapa vilivyopinda kidogo, vimelaliana, kirefu juu na kifupi chini. Mafundi wanakiita kila chuma bledi. Ukitaka gari libebe mzigo mzito bila kuketi, unaongeza bledi. Mwaka ule mahindi yalikubali, na jirani yetu Machogu alikuwa kila siku mlangoni kwa Mzee akimwomba ambebee magunia. Basi Mzee akashuka Kisii mjini kwa fundi wake Ouko, mtu wa kutoka ziwani, akamwambia amfungie bledi za lori.

Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Nyuma ya gari ilikuwa imeinuka juu, na yeye alilizunguka akilipigapiga ubavuni. Yeye na Machogu wakalipakia magunia mpaka likafurika, nalo halikuketi hata kidogo. Machogu akasema gari la namna hiyo liko moja tu kutoka Nyansiongo hadi Keroka. Lakini gari lililofungwa kwa ajili ya mzigo linautaka huo mzigo. Likiwa tupu kwenye barabara ile ya changarawe lilirusha mateke kama punda. Mzee hakujua, kwa sababu yeye alikaa mbele.

Wakati huo nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Ilikuwa bado haijafika wakati wake nilipoanza kuona dalili mbaya. Sikumwambia Mzee neno. Nilikwenda tu nikasimama kando ya gari, nimejifunga shuka tumboni. Akaniangalia, akatazama chini, akaenda kuleta ufunguo. Nilipanda nyuma, peke yangu, gari tupu.

Sitaieleza safari ile yote. Kila shimo lilinirusha juu na kunibwaga kwenye chuma. Kulikuwa na kioo kidogo nyuma ya kichwa cha Mzee, karibu nami kabisa; ningenyoosha mkono ningekigonga. Lakini mkamwana amgongee baba mkwe wake kioo kisogoni, amwambie nini? Amwambie tumbo limefanyaje? Nililiuma shuka lile mpaka likachanika. Sikutoa sauti. Mzee naye hakugeuka, na kwa kuwa hakusikia kitu, aliongeza mwendo ili tufike upesi.

Hospitali ya misheni walinipokea vizuri, walifanya walichoweza. Mtoto alikuwa wa kiume. Alikuwa amekwisha kufa.

Baada ya hapo niliishi na kimya ambacho simtakii mtu. Omwenga alikuja, akalia, akarudi Mombasa. Mama yangu alikuja kutoka Magwagwa, akakaa nami mpaka nikaweza kuchota maji, naye akarudi kwake. Wamama wa kanisa waliniambia Nyasae, Mungu wetu, ndiye anayejua. Nilimchukia Mzee Mogire. Nasema wazi, nilimchukia. Nilikuwa naweka sahani juu ya gogo kwa kishindo ili asikie. Nilingoja aseme neno moja, hata kwa kumtuma mtu, hata kwa kukohoa. Hakusema. Sahani ilirudi imeoshwa kama kawaida. Jioni nilikaa mlangoni nikitazama taa yake kule juu, na nina hakika yeye aliitazama yangu. Taa mbili kwenye kilima kizima, na hakuna aliyeweza kuvuka.

Nilipopata mimba ya pili sikumwambia mtu, ila jambo kama hilo linajitangaza lenyewe. Siku moja Mzee alikuja akasimama mbali, penye ua wa miti, akitazama upande wa zizi.

"Moka Omwenga," akaita. Ndivyo alivyoniita daima, mke wa Omwenga. "Mayai yapo?"

Nikamjibu yapo. Nikamwekea kikapu juu ya gogo. Akakichukua, akapanda gari lake, akaenda. Jioni nilikikuta kikapu mahali pake, mayai karibu yote yamepasuka, ute umelowesha kikapu changu kizuri. Nilikasirika nusura nikitupe. Kama alitaka kuyauza, si angeyafunga vizuri? Kama alitaka kuyala, si angeniambia nimkaangie?

Wiki iliyofuata akaja tena. "Mayai yapo?" Nikampa, kwa sababu ningefanyaje. Yakarudi yamepasuka, lakini yaliyosalia mazima yalikuwa mengi kidogo. Ikawa ndiyo tabia yake. Anaondoka na mayai yangu, anapotelea mjini, anarudi na uji wa mayai. Nikajiambia uzee umemfikia, na upweke umemla akili. Nilimwonea huruma kidogo, halafu nikakumbuka, huruma ikaisha.

Jambo jingine lilikuwa gari lenyewe. Kila likirudi kutoka mjini lilikuwa limeshuka. Ile nyuma iliyokuwa imeinuka kwa majivuno iliendelea kuketi. Machogu alipoleta magunia yake ilibidi ayashushe tena nusu, maana bodi ilikuwa inagusa magurudumu.

"Mzee, umekubalije fundi akuharibie gari?" Machogu aliuliza, nami nilikuwa karibu nikikamua. "Watu wote wanaongeza bledi, wewe unatoa! Hii sasa ni gari ya kubebea nini?"

"Ya kubebea inachobeba," Mzee akasema.

Machogu akacheka, akaenda kutafuta gari la mtu mwingine. Wenzake wakamfuata. Hata kwaya ya Sabato ikaacha kupanda kwetu, kwa sababu wakijaa nyuma, gari lilikwaruza kila penye tuta na Mzee akasimama kukagua chini. Mwisho wakaona ni afadhali kutembea. Nikawa namwona siku ya Sabato akishuka kwenda kanisani peke yake, amevaa koti lake jeusi, mbele hakuna mtu na nyuma hakuna mtu. Watu waliosimama mlangoni kwake zamani kumwomba hiki na kile, sikuwaona tena. Nilijiambia ni haki yake. Halafu nilipika, nikapeleka sahani, na sikuiweka kwa kishindo.

Siku aliyokuja Ouko ndipo nilipoelewa. Mzee alikuwa amemleta fundi huyo kutoka mjini ili amalizie kazi nyumbani. Waliliinua gari kwa jeki, wakaliweka juu ya mawe, na kutwa nzima nilisikia nyundo. Mchana Mzee alikwenda kuwanywesha ng'ombe, nami nikampelekea Ouko ugali na mboga za managu. Ouko alikuwa mtu wa maneno mengi, na hakuwa na ensoni nami hata chembe. Nilifurahi kusikia mtu akiongea.

"Mama, keti hapa nikuambie," akasema kwa Kiswahili chake, akionyesha jiwe. "Hii mzee yako ni mtu ya ajabu sana. Mimi nimefunga springi ya kila mtu hapa Kisii. Kila mtu anasema, Ouko, ongeza. Hii moja anasema, toa. Natoa moja, anaenda anarudi. Toa ingine. Namwambia, mzee, sasa itabeba nini? Ananyamaza tu. Nimebadilisha bushi, nimeweka mpira, nimempaka grisi katikati ya kila bledi, nimefunga shokamzoba mpya mbili za kuzuia gari isirukeruke. Sijawahi kufungia pikapu vitu kama hii. Hii ni ya kubeba mgonjwa."

"Anatafuta nini?" nikamuuliza.

"Si mayai!" Ouko akacheka, tonge mkononi. "Yeye anaweka kikapu ya mayai huko nyuma, pale pale kwa kona, nyuma ya kioo. Haweki majani, haweki kitu chini. Anaendesha kutoka hapa mpaka kwangu. Akifika, kwanza anafungua kikapu. Yai ikivunjika, ananiambia, Ouko, bado. Mimi nikamwuliza, sasa mzee, unataka kufanya biashara ya mayai? Akasema hapana. Akasema, kuna mtu yangu moja anakaga hapo, na yeye hasemi kama anaumia. Hata yai pia haisemi. Lakini yai nikifungua kikapu naona."

Nilisimama. Nilimwambia Ouko nimeacha chungu motoni. Nilitembea mpaka nyuma ya zizi, mahali ambapo hakuna wa kuniona, na huko nililia kilio nilichokuwa nimekibana tangu siku ile ya hospitali. Nililia kwa uchungu, na nililia pia kwa hasira, maana nilikuwa na hasira bado. Kwamba mtu anaweza kuvua vyuma vya gari lake kimoja kimoja, akawafukuza marafiki wote, akavunja mayai ya kuku wangu wote, na neno moja la kuniambia limshinde! Na kiti cha mbele kipo, kitupu, kimetulia juu ya magurudumu ya mbele ambako hakuna anayerushwa. Lakini hata mimi sikuwahi kukifikiria kile kiti. Tulikuwa wajinga wawili wenye heshima nyingi.

Safari ya mwisho mayai yalirudi mazima yote. Nilikifungua kikapu juu ya gogo, nikayageuza moja moja. Niliyapika yote siku hiyo, nikampelekea sahani iliyojaa.

Siku ilipofika ilikuwa asubuhi, nikiwa nakamua, na mvua imeshaanza. Daktari alikuwa ameniambia nisingoje hata kidogo. Niliacha ndoo pale pale, nikapanda hadi kwa Mzee. Kabla sijakohoa alikuwa ametoka. Gari lilikuwa tayari. Nadhani lilikuwa tayari kila asubuhi kwa muda mrefu. Nyuma alikuwa ametandika nyasi kavu nene, juu yake magunia masafi, juu yake blanketi jipya ambalo bado lilikuwa na karatasi ya dukani. Juu alikuwa amefunga turubai. Mkungu wa ndizi za kunipikia hospitalini alikuwa ameuweka mbele, ili usije ukanisumbua.

Nilipanda nyuma. Tukaondoka.

Lazima niseme ukweli kuhusu springi zile. Zilikuwa nzuri. Gari lilikwenda taratibu, likashuka mashimoni na kupanda, nami sikurushwa hata mara moja. Lilinibembeza. Barabara ile ile iliyoniulia mwanangu, nilipita juu yake nimelala ubavu, na mwili wangu haukugonga chuma popote. Kama mimi ningekuwa yai, ningefika mjini mzima.

Lakini mimi si yai. Turubai lilikuwa linapiga kelele kwa mvua, ndani kulikuwa na giza la kijivu, na uchungu ulikuwa unakuja, unakaa, unaondoka, na kila ukiondoka nilibaki na mimi mwenyewe tu. Nikawaza safari ya kwanza. Nikawaza kwamba nitamzaa huyu hapa kwenye nyasi, afe au aishi, na mtu wa karibu nami kuliko wote duniani atakuwa ananipa kisogo. Hapakuwa na kitu kilichoniumiza kwenye gari lile isipokuwa upweke, na Ouko hakuwa na nyundo ya upweke.

Nikanyoosha mkono nikagonga kioo.

Gari likasimama hapo hapo, katikati ya barabara. Mzee akashuka, akaja mpaka penye kona ya bodi, akasimama mvuani akitazama chini.

"Imekurusha?" akauliza.

"Haijanirusha."

"Kuna nini?"

"Naogopa huku," nikasema. "Nataka kukaa mbele."

Nilitambaa nikashuka mwenyewe, kwa sababu hakuweza kunishika. Nikazunguka, nikafungua mlango wa mbele, nikapanda, nikakaa mahali pa Bathsheba. Mzee alibaki nje. Alishika mlango wake, akauacha, akaushika tena. Mvua ilikuwa inatiririka ukingoni mwa kofia yake. Nilielewa kwamba nisipofanya kitu tutakaa hapo mpaka mtoto aje kutuchapa sote wawili. Basi nikauvuta ule mkungu wa ndizi, nikausimamisha katikati ya kiti, ukaegemea vizuri.

"Huyu atakaa katikati yetu," nikasema.

Mzee akautazama mkungu. Akavua kofia, akaingia, akafunga mlango. Tukaendelea.

Tulikwenda kitambo. Halafu nikamsikia anasema, macho barabarani, "Mwambie huyo aliye huko ashike mlango. Kuna kona mbaya."

Kwanza nilifikiri uzee umemshika kweli. Halafu nikatambua anaongea na ndizi. Nilicheka, na uchungu ukaja katikati ya kicheko, ikawa siwezi kujua ni kipi ni kipi.

"Mwambie Mzee nimeshika," nikasema.

Tukapita Keroka. Watu waliojikinga mvua chini ya mabati ya maduka walitukodolea macho: Mzee Mogire wa Nyansiongo na mkamwana wake, mbele, na mkungu wa ndizi umekaa kama shangazi. Mzee hakugeuza shingo. Tulipouacha mji nyuma akaongea tena, taratibu, neno moja moja.

"Mwambie, siku ile ya kwanza nilisikiliza. Nilisikiliza njia nzima. Sikusikia kitu. Nikajua, akinyamaza ni mzima. Nikaongeza mwendo."

Nilitazama nje. Machozi yalikuwa yananiziba macho, nikashindwa hata kuiona migomba ya kando ya barabara.

"Mwambie Mzee," nikasema, "nilinyamaza kwa sababu ni yeye. Dereva angekuwa mtu mwingine, ningepiga kelele mpaka Kisii nzima ikasikia."

Aliendesha, akapunguza mwendo penye daraja, akalivuka, akaongeza.

"Mwambie nimesikia," akasema. Kisha akasema, "Mwambie asinyamaze tena."

Basi sikunyamaza. Uchungu ulipokuja nilipiga kelele. Nilipiga kelele karibu na sikio la baba mkwe wangu, nikamwita mama yangu, nikamwita Nyasae, nikamtukana Omwenga na bandari yake yote, na ensoni ikae ilikokaa. Mzee kila mara alijibu, "Ee. Ee," kama mtu anayeitika wimbo wa kanisani, na mikono yake kwenye usukani ilikuwa thabiti kabisa.

Mtoto alizaliwa kabla ya saa sita mchana, msichana, mzima, mwenye sauti. Nilimpa jina la Bathsheba. Mzee hakuingia wodini, na hakuna aliyetarajia aingie. Muuguzi ndiye aliyeniletea ule mkungu, akasema kuna mzee ameuacha mlangoni, kwamba mzee huyo aliuliza ni mtoto gani, akasimama sana nje ya dirisha, halafu akaondoka na gari lake. Nilimwaza akirudi njia ile yote, mvua imekatika, mbele peke yake, hata ndizi hana. Nilimwaza akifika, akikuta boma halina hata moshi. Nililia kwa ajili yake, nikashangaa kwamba ninalia kwa ajili yake.

Omwenga alipata ruhusa akaja. Siku ya kutoka hospitalini walikuja wote wawili kunichukua, baba na mwana. Omwenga alikuwa na ufunguo mkononi, anajigamba na mtoto, amevaa shati la Mombasa.

"Nyanchera, wewe panda nyuma na mtoto," akaniambia. "Baba atakaa mbele nami."

Alikuwa sahihi. Ndivyo ilivyo. Siku ya mvua ilikuwa imekwisha, na mimi na Mzee tulikuwa tumesharudi kila mtu mahali pake. Tangu waje hakuwa ameniangalia usoni hata mara moja. Nikaanza kuelekea nyuma. Lakini nilipofika Mzee alikuwa amekwisha kupanda. Alikuwa amekaa kwenye kona, nyuma ya kile kioo, magoti yamekunjwa, koti lake jeusi limefungwa vifungo vyote.

"Baba, vipi?" Omwenga akashangaa. "Shuka ukae mbele!"

"Endesha," Mzee akasema.

Tukaondoka. Mimi nilikaa mbele na mtoto, na Omwenga alilalamika tangu tulipotoka langoni. Gari limelegea. Gari linabembea kama machela. Nani amempotosha baba akatoa springi nzuri za lori? Kesho atakwenda kwa huyo fundi azirudishe.

"Usiziguse," nikamwambia.

"Wewe unajua nini habari ya springi?"

"Omwenga, nimesema usiziguse."

Akaniangalia, akarudisha macho barabarani. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwangu. Barabara ilikuwa mbovu zaidi kwa ajili ya mvua zilizopita, na Omwenga anaendesha kwa haraka kama watu wa mjini wote. Niligeuka nikatazama kiooni. Niliona mabega ya Mzee na kisogo chake cheupe. Alikuwa peke yake nyuma kule, ameshika ukingo wa bodi kwa mkono mmoja, mahali nilipokuwa nimeshika mimi. Hakuwa anatoa sauti yoyote.

Sikupenda kile kimya. Nilikuwa nakijua.

Nikainua mkono nikagonga kioo, polepole, kwa kifundo cha kidole.

"Unagonga nini?" Omwenga akauliza.

"Namuuliza baba yako kama ni mzima."

Mzee hakugeuka. Ensoni haikumruhusu ageuke. Lakini aliuachilia ule ukingo wa bodi, akarudisha mkono nyuma ya bega lake, akakitafuta kioo, na akagonga.